Hati 140 za Word na Vichwa Visivyo Vichwa

Safu hii hujibu wasomaji wanaoandika, kuhariri na kutunza nyaraka kazini. Safari hii barua nne zimegusa jambo moja: kuhamisha hati za Word kwenda kwenye mfumo wa nyaraka wa mtandaoni. Nimeijibu ya kwanza kwa urefu kwa sababu shida nyingi za wengine zimo ndani yake.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimekabidhiwa folda yenye hati 140 za Word, miongozo ya kazi iliyoandikwa na watu mbalimbali kwa miaka mingi, na nimeambiwa zote ziwe zimeingia kwenye mfumo wetu wa mtandaoni ndani ya miezi miwili. Nilianza na mwongozo mrefu kuliko yote. Nikabofya kitufe cha kuingiza hati, nikasubiri, nikapata ukurasa mmoja mrefu usio na kichwa hata kimoja kwenye orodha ya pembeni. Hatua zote zimeandikwa 1, 1, 1, 1. Picha tatu hazionekani. Nikiifungua hati yenyewe kwenye Word inapendeza, haina kasoro. Je, nitafute programu nyingine ya kuhamishia, au ninakili na kubandika ukurasa kwa ukurasa?

JIBU: Marahaba. Usinakili na kubandika, na programu ya kuhamishia usiikimbie bado. Kasoro imo ndani ya hati yenyewe, ila Word inaificha vizuri. Nitakuonyesha ilipo.

Tengeneza nakala ya hati yako, ile ya asili usiiguse. Badilisha mwisho wa jina la nakala hiyo kutoka .docx kuwa .zip, kisha uifungue. Tangu Word ya mwaka 2007, kila hati ya docx ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo ndani yake. Utaikuta folda iitwayo word, na humo utakuta document.xml iliyobeba maneno, styles.xml yenye mitindo, yaani maumbo ya maandishi yaliyopewa majina kama Heading 1, numbering.xml yenye hesabu za orodha, na folda ya media yenye picha zilizopewa majina image1.png, image2.png na kuendelea. Fungua document.xml utafute maneno ya kichwa chako cha kwanza. Kingekuwa kichwa kweli, karibu na maneno hayo ungeona pStyle ikiwa na neno Heading1. Kwa dalili ulizonieleza, huenda utakuta b, yaani herufi nzito, na sz yenye thamani kama 32. Word huhesabu ukubwa wa herufi kwa nusu pointi, kwa hiyo 32 ni pointi 16. Mwandishi aliyakoza maneno, akayakuza, akaridhika. Jicho linaona kichwa. Programu ya kuhamisha inaona aya ya kawaida yenye herufi nene, na aya ya kawaida haipelekwi kwenye orodha ya pembeni.

Ndiyo maana kubadilisha programu hakutakusaidia. Hata ile bora kuliko zote haiwezi kusoma nia ya mtu aliyeandika miaka minane iliyopita.

Dawa ni kuitengeneza hati ikiwa bado kwenye Word, kabla ya kuihamisha. Weka kishale kwenye kichwa kimoja cha uongo, nenda kwenye menyu ya Select, uchague kuteua maandishi yote yenye umbo linalofanana. Word itavikamata vichwa vyote vya aina hiyo kwa mkupuo, nawe utabofya Heading 1 mara moja tu. Rudia kwa vichwa vidogo ukitumia Heading 2. Kisha fungua kidirisha cha kusafiria ndani ya hati, kile kinachoonyesha vichwa upande wa kushoto. Ukiona mpangilio wa mwongozo wako umejipanga pale, ndivyo utakavyojipanga mtandaoni. Mwongozo wa kurasa 60 huwa unanichukua kama robo saa kwa kazi hii, na sijui robo saa nyingine inayolipa kiasi hicho katika kazi yetu.

Sasa zile 1, 1, 1, 1. Mara nyingi chanzo chake ni picha. Mwandishi aliandika hatua ya kwanza, akabonyeza Enter, akaweka picha ya skrini kwenye aya yake yenyewe, kisha akaendelea na hatua ya pili. Word inajua orodha ni ileile kwa sababu inaitunza hesabu kando, kwenye numbering.xml. Zana nyingi za kuhamisha hukutana na aya isiyo ya orodha, zikadhani orodha imeisha, zikaanza nyingine upya. Rudi kwenye Word, weka kishale mwisho wa maneno ya hatua, bonyeza Shift pamoja na Enter, kisha ilete picha hapo. Sasa picha imo ndani ya hatua yake na orodha haikatiki. Ukikuta namba zilizoandikwa kwa mkono, zifute uweke orodha ya kweli. Inachosha, lakini ukiziacha, siku mtu atakapoongeza hatua katikati atalazimika kuzibadilisha zote kwa mkono, na hatazibadilisha.

Picha tatu zisizoonekana, zitazame ndani ya ile folda ya media. Nakisia majina yake yanaishia .emf au .wmf. Hizo ni aina za picha za Windows, na vivinjari havizionyeshi. Zihifadhi upya kwa PNG. Kama ni michoro iliyochorwa ndani ya Word yenyewe, mishale na duara nyekundu juu ya picha ya skrini, jua kwamba mishale hiyo ni vitu vinavyoelea, si sehemu ya picha. Picha inaweza kuhama na mishale ikabaki. Fungua ukurasa huo ukiwa mkubwa kwenye skrini, upige picha ya skrini ya mchoro mzima, uiweke mahali pa ule wa zamani.

Hapa kwenye vitu vinavyoelea naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu vimeniacha na kumbukumbu ambayo bado inaniuma.

Miaka ya nyuma nilihamisha mwongozo wa kuhifadhi nakala rudufu za hifadhidata. Kati ya hatua ya 6 na ya 7 mwandishi alikuwa ameweka kisanduku cha njano chenye maneno haya: "Usizime mashine hadi taa ya kijani iache kumetameta." Kilikuwa kisanduku cha maandishi kilichobandikwa juu ya ukurasa. Zana niliyotumia ilikiruka bila onyo lolote. Ukurasa ulitoka safi, hatua 1 hadi 11 zimepangika, nami nikausoma wenyewe tu bila kuulinganisha na hati ya asili. Wiki chache baadaye kijana wa zamu ya usiku alifuata hatua ya 6, akafuata ya 7, akazima mashine. Taarifa za siku nzima zilipotea, wenzake wakaziingiza tena kwa mkono kwa siku tatu. Kijana yule alilaumiwa, ilhali alikuwa ameufuata ukurasa wangu neno kwa neno. Nilikwenda kwa mkuu wake nikamweleza kosa lilikotoka, lakini usiku ule hakuna aliyeweza kumrudishia.

Tangu hapo siingizi hati kabla ya kutafuta neno txbxContent ndani ya document.xml. Ukiliona hata mara moja, hati ina kisanduku cha maandishi. Kata maneno yaliyomo, yabandike kama aya ya kawaida mahali yanapohusika, uyape mtindo uliouita Onyo. Na baada ya kuhamisha, weka hati ya asili upande mmoja wa skrini na ukurasa mpya upande mwingine, uhesabu: picha ngapi huku na ngapi kule, majedwali mangapi, tanbihi ngapi, maonyo mangapi. Usiusome ukurasa mpya peke yake. Kilichopotea hakionekani kwa kutazama kilichobaki.

Majedwali nitayapitia haraka. Jedwali lenye seli zilizounganishwa halikai kwenye Markdown ya kawaida, yaani maandishi matupu yenye alama chache za umbo ambayo mifumo mingi ya mtandaoni huyasoma, kwani haijui seli iliyounganishwa. Zigawe seli, rudia neno kwenye kila mstari. Na kama jedwali lilitumika kupanga tu picha na maneno pembeni kwa pembeni, livunje kabisa.

Maneno kama "tazama ukurasa wa 14" nayo yatafute yote, kwani mtandaoni hakuna ukurasa wa 14. Andika jina la sehemu inayotajwa, ukaiwekee kiungo baada ya kuhamisha. Jedwali la yaliyomo lifute, mfumo utatengeneza la kwake.

Hati ikishatengenezwa hivyo, zana utakayotumia si jambo kubwa tena. Kama mfumo wenu ni Confluence, njia yake ya kuingiza hati ya Word inaweza kuigawa hati ndefu kuwa kurasa nyingi kwa kufuata vichwa, na sasa vichwa unavyo. Mimi hutumia Pandoc, programu isiyo na malipo iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa. Kwenye dirisha la amri naandika:

`pandoc mwongozo.docx -t gfm --wrap=none --extract-media=picha -o mwongozo.md`

Amri hiyo inageuza hati kuwa Markdown, inaacha kila aya kwenye mstari mmoja bila kuikatakata, na inazitoa picha zote kwenye folda iitwayo picha. Kama mfumo wenu ni MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, andika mediawiki mahali pa gfm. Mafaili ya zamani yanayoishia .doc Pandoc haiyasomi. Yageuze kwanza yote kwa pamoja kwa LibreOffice, programu ya ofisi isiyo na malipo:

`soffice --headless --convert-to docx *.doc`

Kunakili na kubandika nimekukataza kwa sababu Word hubeba pamoja na maneno mzigo wa alama zake za umbo. Ukiutazama msimbo wa ukurasa utaona MsoNormal imetapakaa kila aya. Na picha mara nyingi hubaki zikielekeza kwenye folda ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo wewe unaziona na wenzako hawazioni.

Jambo la mwisho kwako. Usianze na mwongozo mrefu kuliko yote. Anza na hati tatu fupi za waandishi watatu tofauti, ujue tabia ya kila mwandishi, maana aliyekoza vichwa kwa mkono kwenye hati moja amefanya hivyo kwenye hati zake zote. Na kabla ya hapo, pitia zote 140 ukiuliza ipi bado inatumika. Hati ambayo hakuna anayekumbuka imefunguliwa lini haistahili robo saa yako.

SWALI: Mwongozo wetu wa kuendesha seva ulihamishwa kutoka Word mwaka jana. Amri zilizomo tukizinakili na kuzibandika kwenye dirisha la amri zinakataa, lakini tukiziandika kwa mkono zinakubali. Tumezilinganisha herufi kwa herufi, hatuoni tofauti. Mwenzangu anasema seva ina hitilafu.

JIBU: Seva yenu ni nzima. Tofauti ipo, ila ni ndogo kwa jicho. Chukua amri moja, kwa mfano `tar --list --file=nakala.tar`. Mwandishi alipoiandika kwenye Word, programu iliona vistari viwili vimefuatana, ikadhani anaandika sentensi, ikavigeuza kuwa kistari kimoja kirefu. Amri ikawa "tar –list". Kwa seva hiyo ni herufi nyingine kabisa, isiyohusiana na kistari cha kwenye kibodi. Alama za kunukuu zilizonyooka nazo huwa zinapindwa, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga, na dirisha la amri halizitambui kama alama za kunukuu. Wakati mwingine kuna pia nafasi isiyokatika kati ya maneno mawili, inayofanana kabisa na nafasi ya kawaida.

Kurasa mlizonazo mtandaoni zirekebisheni hukohuko. Tafuteni kistari kirefu na alama zilizopinda ndani ya amri peke yake. Msibadilishe hati nzima kwa mkupuo, maana kwenye sentensi za kawaida alama zilizopinda ziko mahali pake na zinapendeza.

Kwa hati zilizobaki, kuna mtego niliowahi kunaswa nao asubuhi nzima. Nilitumia kutafuta na kubadilisha ndani ya Word, nikaandika alama iliyonyooka mahali pa iliyopinda, Word ikaniambia imebadilisha 86. Nikatazama, zote bado zimepinda. Ile kanuni ya kupinda alama ilikuwa bado inafanya kazi, ikawa inazipinda tena palepale. Izimeni kwanza kwenye mipangilio ya urekebishaji wa papo kwa papo, ndipo mbadilishe.

Kisha zipeni amri mtindo wake. Mkiunda mtindo wa aya mkauita Source Code, Pandoc itauelewa na kuigeuza aya hiyo kuwa kipande cha msimbo, ambacho mfumo wa mtandaoni utakiacha kama kilivyo. Kwa neno moja la amri katikati ya sentensi, mtindo wa herufi unaoitwa Verbatim Char hufanya kazi hiyohiyo.

SWALI: Nina aibu kuandika hili. Niliingiza hati kwenye mfumo ambao hata wateja wetu wanausoma. Siku ya pili mteja alituambia kwamba ameona picha ya skrini yenye nywila ya mtumishi mmoja pembeni. Naapa, kwenye Word sehemu ile ilikuwa imekatwa. Imerudije?

JIBU: Dada, nakuamini, na usione aibu. Ukikata pembe za picha ndani ya Word, programu inazifunika tu. Picha nzima inabaki kwenye folda ya media, na zana ya kuhamisha inapoitoa, inatoa nzima, pamoja na ulichodhani umekiondoa.

Nywila hiyo ibadilishwe leo, kabla ya kumaliza kusoma jibu hili. Kuifuta picha kwenye ukurasa hakutoshi, kwa sababu mifumo mingi ya nyaraka hutunza matoleo ya zamani ya ukurasa na mafaili yaliyoambatishwa. Mwombe msimamizi wa mfumo aondoe na toleo lile la kwanza.

Kwa hati zijazo, teua picha, nenda kwenye kubana picha, uweke alama pa kufuta sehemu zilizokatwa, uhifadhi. Halafu fungua ile zip utazame folda ya media kwa macho yako, picha moja moja. Mimi siamini mpaka nimeona.

Ukiwa hapo, angalia na mambo mengine yanayojificha. Mabadiliko yaliyofuatiliwa, yale maneno yaliyokatwa kwa mstari, yakubali au yakatae yote kwenye Word. Pandoc isipoambiwa vinginevyo huyakubali yote na kuyaacha maoni ya pembeni, lakini usitegemee kila zana iwe hivyo. Maandishi yaliyofichwa yaonyeshe uyasome. Na ndani ya folda ya docProps kuna faili core.xml lenye jina la aliyeitengeneza hati na la aliyeihifadhi mwisho. Kama faili la Word lenyewe linaambatishwa kwenye ukurasa wa wateja, majina hayo yanakwenda nalo. Word ina Document Inspector inayovikagua vingi vya hivi, iendeshe kila mara. Pembe za picha ziangalie kando.

SWALI: Tumemaliza kuhamisha. Tatizo ni mzee wetu mmoja, mtaalamu tunayemheshimu sana, ambaye hataki kuandika kwenye mfumo mpya. Kila mwezi hunitumia hati ya Word iliyosahihishwa, nami naiingiza upya, na kila nikiingiza, masahihisho ya wenzangu waliyoyafanya mtandaoni yanafutika. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Usimwambie aache Word. Mtu aliyeandika humo kwa miaka mingi anafikiri humo, na ujuzi wake ni wa thamani kuliko usumbufu wako. Wewe ndiye uache kuingiza upya.

Akikutumia hati mpya, chukua na ile aliyokutumia mwezi uliopita, uzipeleke zote mbili kwenye zana ya Word ya kulinganisha hati. Itakuonyesha aya alizozigusa, na kwa kawaida huwa chache. Hizo tu ndizo uzipeleke mtandaoni kwa mkono, ukiona palepale wenzako wamebadilisha nini. Hapo ndipo utakapogundua mara nyingine kwamba mzee na kijana wamesahihisha aya ileile kwa namna mbili zinazopingana. Ikitokea, wakutanishe. Usiamue wewe.

Mtengenezee kiolezo chenye mitindo sita tu: vichwa vya ngazi tatu, maandishi ya kawaida, hatua, na onyo. Kaa naye nusu saa umwonyeshe, ukitumia hati yake mwenyewe. Nilipofanya hivyo na mwandishi mmoja mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, alitazama kile kidirisha cha vichwa kikijaa upande wa kushoto, akakaa kimya, kisha akaniuliza kama anaweza kukitumia kuhamisha sura ya nne iwe ya pili. Nikamwonyesha namna ya kukivuta kichwa kwa kipanya, sura nzima ikahama na kichwa chake.

Zile hati za zamani kwenye folda ya pamoja msizifute. Zifungeni zisomwe tu, na juu kabisa ya kila moja muandike kwa herufi nyekundu kwamba toleo linalotumika lipo mtandaoni, pamoja na kiungo chake. Msipofanya hivyo, kuna mtu atafungua ya zamani kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mafaili yake ya karibuni, na atafanya kazi kwa maelekezo ya mwaka juzi.